Nusu Picha Kutoka Rusinga

Wenzangu wa Kaloleni, mmeniuliza hata nimechoka. "Zuhura, ulikwenda kupiga picha harusi ya siku moja Kendu Bay, mbona ulipotea hivyo? Na mbona watu wote wanazungumzia picha moja tu?" Kila anayeniuliza namsimulia kipande, na kesho yake kipande hicho hicho nakisikia sokoni kimeota pembe. Basi naandika yote mara moja. Atakayeongeza chumvi, ajue chumvi ni yake.

Mama Rukia mnamjua, rafiki yangu wa tangu usichana. Kabla hajasilimu aliitwa Akinyi, na kwao ni Rusinga. Mumewe, Bwana Hamisi, ana duka la vitambaa Kendu Bay. Binti yao Rukia alikuwa anaolewa na kupelekwa Mwanza, na alikuwa na ombi moja tu: kwenye picha ya harusi, nyanya yake mzaa mama, yaani Dani, awe kando yake.

Jambo dogo, mtasema. Dogo kwa nani? Kwa desturi ya watu wa kwao, mama mkwe hakanyagi nyumba ya mkwe wake mpaka mkwe aende kwake kwanza, apokelewe, ale, ashukuru. Na Bwana Hamisi hajawahi kwenda Rusinga. Alimwona Akinyi hapa mjini Kisumu, wakapendana, wakaoana kwa kadhi, na siku ya kwenda kwa wakwe ikaahirishwa. Mwaka wa kwanza aliona haya kidogo. Mwaka wa pili haya zikaongezeka kwa sababu ya mwaka wa kwanza. Rukia amekua, ameolewa, na haya bado zinakua. Likizo za shule mtoto alipelekwa kwa Dani na mama yake. Baba alibaki dukani akipima vitambaa.

Mama Rukia alikuja kwangu analia. "Zuhura, mama yangu hawezi kuja, na Rukia akivuka kwenda Mwanza sijui wataonana lini. Hakuna dawa?"

Nikamwambia dawa iko, tena iko juu ya kabati langu.

Mnaijua kamera yangu, ile ya marehemu baba ambayo vijana wa mjini huiita sanduku la mkoloni. Nyeusi, ina macho mawili mbele, la juu la kutazamia na la chini la kupigia. Huiinui usoni. Unaishika kifuani, unainama, unachungulia kioo cha juu. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na mimi nimeinama miaka mingi, mgongo wangu ni shahidi. Lakini wallahi, mtu akishatazama dunia ndani ya kile kioo, hatamani tena kuitazama kwa macho makavu. Rangi zinatulia na sura za watu zinakaa pahali pake.

Baba alikuwa akipiga studio "picha ya pacha". Anaziba nusu ya lenzi kwa kadi nyeusi, anakupiga umekaa kushoto. Hasogezi filamu. Anahamisha kadi upande wa pili, unahamia kulia, anakupiga tena juu ya filamu ile ile. Ikisafishwa, uko wawili, unajisalimia mwenyewe. Kamera za siku hizi za plastiki hazikubali: ukibonyeza tu, zinasogeza filamu zenyewe, vrrr, hazina subira. Ya kwangu hungoja mpaka niamue. Basi nikasema, nitakwenda Rusinga nimpige Dani nusu ya kushoto, nisisogeze filamu, nimbebe hivyo hivyo mpaka Kendu Bay, nikapige harusi nusu ya kulia. Dani atakuwa kando ya mjukuu wake bila kukanyaga kwa mkwe.

Kisumu hadi Homa Bay

Niliondoka kwa meli, na meli ikaondoka kwa hiari yake. Magugu maji yalikuwa yamejaza bandari, kijani tupu, ng'ombe angeweza kudhani ni malisho. Tulikwenda kidogo, tukasimama. Mabaharia wakashuka na mapanga kukata njia. Abiria tukabaki tumeshika reli tukitoa ushauri.

Sikukasirika, maana niliweka filamu nyingine ya matumizi yangu na nikawa nafaidi. Magugu yana maua ya zambarau, mnajua? Tumeyatukana miaka yote hii hatujayatazama. Niliinama juu ya kioo nikaona maua, panga linameta, baharia mmoja kasimama kwenye maji ya kiunoni kama yuko shambani kwake. Nikabonyeza. Kamera hii haina kelele, ni "tik" tu, kama mtu kavunja kijiti cha kiberiti.

Mama mmoja wa kanisa aliyekaa jirani, mfuko wa mandazi mapajani, alinitazama kwa muda mrefu. Halafu akanigusa bega. "Mama, pole sana. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Kwa nini?"

"Naona umeinamisha kichwa tu, unaombea sanduku. Mimi nikasema labda ni majivu ya mtu wako, kama wale Wahindi."

Lo! Nilicheka mpaka kichwa kikauma. Nikamwonyesha kioo. Alipochungulia akapiga kelele, "Ai yawa! Ziwa lote limeingia hapa?" Akaita wengine. Kabla hatujafika Homa Bay nusu ya abiria walikuwa wamepanga foleni kuchungulia ziwa lile lile walilokuwa wamechoka kulitazama. Mandazi ya yule mama nililishwa mpaka nikaomba maji.

Rusinga, nyumbani kwa Dani

Kutoka Homa Bay nilipata gari mpaka Mbita, nikavuka daraja la mawe kuingia kisiwani, na kutoka hapo ni miguu. Jua la Rusinga halina huruma. Nilipouliza njia, kila mtu aliniambia "hapo tu", na kila "hapo tu" ilikuwa na kilima chake.

Dani alikuwa anaanika omena, wale dagaa wa ziwani. Mwembamba, mrefu, kanga mbili, kitambaa cheupe kichwani. Hakuuliza nimetumwa na nani. Aliniuliza nimekula nini. Nikakaribishwa ugali wa mtama na samaki wa kuchemsha aliyetoka ziwani asubuhi ile. Nilipotaka kuanza kueleza nilichojia, akasema, "Kula kwanza, nyathina, mwanangu. Maneno haipoi."

Nilipokwisha nikamweleza. Alisikiliza mikono ikiwa mapajani, kisha akaitazama miguu yake. Nikaogopa.

"Mimi si mgonjwa," akasema. "Miguu niko nayo. Ningeweza kutembea mpaka Kendu kwa miguu hii. Lakini nitaingia kwa mlango gani? Mkwe hajanifungulia mlango."



"Na hii picha, haitakuwa ni mimi nimeenda kwake?"

"Wewe ndiye unajua, Dani. Mimi sijui desturi hiyo."

Akafikiri. "Picha haina miguu. Haijaenda kwa mtu, imebebwa tu. Na yeye, huyo mkwe, atakuwa ndani?"

"Atakuwa. Lakini nitamweka mwisho kabisa, mbali nawe."

"Ber," akasema, yaani vizuri. "Akae mbali. Si amezoea."

Alisema hivyo akicheka, lakini macho hayakucheka, na mimi nilimwonea uchungu.

Nilimsimamisha mbele ya mlango wa nyumba, kwenye kivuli, giza la ndani likiwa nyuma yake. Nikaziba nusu ya lenzi. Nikamwambia, Rukia atakuwa amekaa hapa kwenye kigoda, upande wako huu. Akauliza, "Hapa?" Akanyoosha mkono akauweka hewani, taratibu, kama anayemwekea mtoto mkono begani. Kama kweli Rukia yuko pale! Ndani ya kioo mkono ule ulitulia kabisa. Nikachukua kalamu ya nta nikatia alama juu ya kioo mahali vidole vilipoishia. Nikabonyeza. Tik.

Halafu nikabandika plasta ya kidonda juu ya kifundo cha kusogezea filamu, nikazungusha mara mbili, na kamera nikaifunga kwa kanga. Filamu ikisogea hata kidogo, Dani atabaki peke yake. Mtu akifungua mlango wa nyuma wa kamera, mwanga utamla.

Dani aliponiona nabandika plasta aliuliza, "Imeumia?"

Mbita hadi Kendu Bay, juu ya lori

Asubuhi gari la Homa Bay halikuja, na kwa nini halikuja kila mtu alikuwa na sababu yake. Dereva mmoja wa lori la samaki, jina lake Otieno, alinionea huruma. "Mama, panda mbele. Lakini utanuka."

"Baba, bora ninuke nifike."

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo roho iliponitoka. Njia yote ile Mungu alinionyesha kila kitu kizuri alichoumba, na mimi siwezi kupiga hata kimoja. Tulisimama ufukweni kupakia, vijana wawili waliosikia kwa Otieno kuwa nina kamera wakaja na mbuta mkubwa kuliko mtoto wa shule, wamemning'iniza kwenye kasia, magamba yanang'aa. "Mama wa kamera! Tupige!" Nikasema siwezi. "Kwa nini, imeharibika?" Haijaharibika. "Basi una madharau." Wakanigeuzia migongo na samaki wao. Jamani, niliumia! Mbele kidogo ilinyesha, lori likazama kwenye matope, na tulipokuwa tunangoja trekta jua likatoka chini ya mawingu. Vilima vya Homa vikawa rangi ya dhahabu, na kwaya ya kanisa iliyovaa kanzu za bluu ikawa inapita pembeni ya barabara viatu mkononi. Nilikaa juu ya mikono yangu. Otieno akaniambia, "Mama, una kamera, piga." Nikamwambia, "Baba, nyamaza." Alininyamazia mpaka trekta ilipofika.

Karibu na kuingia Kendu kulikuwa na kizuizi. Askari kijana akakagua samaki, akakagua karatasi za Otieno, halafu akaona kanga yangu.

"Hiyo ni nini, Mama?"

"Kamera."

"Kamera gani kubwa hivyo imefungwa kanga? Fungua."

Nikafungua kanga. Akaigeuza, akaona kitasa cha mlango wa nyuma. Kidole kikaenda pale.

"Usifungue!" Nilipiga kelele hata kuku waliokuwa nyuma ya lori wakaruka.

"Ndani kuna nini?"

Nilitaka kueleza kwa akili, lakini akili ilikuwa imekimbia. Nikasema lililokuja mdomoni. "Kuna bibi wa watu! Bibi wa Rusinga! Yuko nusu, bado hajamalizika!"

Kidole kikatoka pale haraka. Askari akairudisha kamera juu ya mapaja yangu kwa mikono miwili, kama anayerudisha sufuria ya moto. Akamtazama Otieno. Otieno, mshenzi yule, akatikisa kichwa kwa huzuni.

Basi nikamweleza polepole: mkwe, mama mkwe, mjukuu, nusu ya picha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akavua kofia akajikuna kichwa. "Huyo mkwe hajawahi kwenda kabisa? Tangu aoe?"

"Kabisa."

"Aa, hiyo ni mbaya. Hata mimi nilienda. Niliogopa, lakini nilienda." Akatufungulia njia. "Mama, peleka bibi pole pole. Wewe Otieno, usirushe hii gari."

Kendu Bay

Harusi ilikuwa nzuri, msiniulize pilau. Upande wa wanawake nilipiga kwa kamera ndogo niliyoazima huko huko, na hizo picha mmeziona: hina, vicheko, shangazi aliyelala amekaa. Lakini ile moja niliiweka mpaka baada ya nikaha, barazani, penye kivuli. Nikatundika kitambaa cheusi kutoka dukani kwa Bwana Hamisi, nikamkalisha Rukia kwenye kigoda, bega lake sawasawa na ile alama ya nta. Bwana harusi na Mama Rukia wakasimama upande wa kulia. Kushoto nikaacha wazi.

"Hapo yuko Dani," nikawaambia. "Asipite mtu."

Wenzangu, mngewaona. Hakuna kitu pale, ni sakafu tu, lakini kila mtu aliiheshimu. Katoto kalipokatiza, wamama watatu walikakemea: "Utamkanyaga Dani!" Na Bwana Hamisi, mtu mzima na kanzu yake iliyopigwa pasi, akanijia akaninong'oneza, "Mama yuko upande gani?" Nikamwonyesha. Akaenda kusimama mwisho kabisa wa upande wa pili, ameinamisha macho. Alikuwa anaona haya mbele ya sakafu.

Mama Rukia akamwangalia mumewe, akaangalia ile nafasi. 

Kivuli kilikuwa kizito, ilibidi lenzi ikae wazi kwa muda kidogo. Nikahamisha kadi, nikainama. "Msitikisike. Rukia, Dani ameshakuwekea mkono."

Hilo ndilo kosa langu. Ningenyamaza! Rukia aliposikia vile akainua mkono akaushika ule mkono usiokuwapo, akaanza kulia. Si kilio cha bibi harusi cha kuonyesha watu. Alilia akiita, "Dani, Dani," mabega yanatetemeka, na kidole changu kilikuwa kimeshaanza kubonyeza. Kwenye kioo nikaona kanzu nyeupe inaingia. Baba yake hakuweza kuvumilia. Alitoka kule mwisho, akapita nyuma ya watu, na nafasi pekee iliyokuwa wazi kando ya mwanawe ni ile ya Dani. Akapiga goti pale, akamkumbatia.

Tik.

Nikainua kichwa. Bwana Hamisi yuko chini, anamfuta mwanawe machozi kwa mkono wa kanzu, hajui alipo. Wengine pia hawakuona, kila mtu alikuwa analia. Siwezi kupiga tena, maana ningepiga mara ya tatu juu ya zile mbili, na ningewaharibu wote. Nikabandua plasta, nikasogeza filamu, nikawaambia, "Imekwisha." 

Kurudi, kupitia Katito

Katito nililala, kwa sababu mvua ilikuwa imekata barabara mbele. Mama mwenye hoteli alinipa chai ya maziwa na chapati akaniuliza kama nimefiwa, maana sikula. Nilikuwa najipigia hesabu moja tu: kanzu ile iliingia kiasi gani? Kama aliishia gizani, salama. Kama bega lake lilifika kwenye alama, basi nimemshikanisha mama mkwe na mkwe wake, watu ambao kwa desturi hata mikono hawapeani, tena mkwe mwenyewe ni yule ambaye hajawahi kubisha hodi. Rukia alikuwa ameomba kumbukumbu, na mimi nimemtengenezea aibu ya kuning'iniza ukutani.

Nilipofika nyumbani sikuoga. Niliingia bafuni, nikaziba dirisha kwa blanketi, nikachanganya dawa. Filamu ikatoka safi, Alhamdulillahi, bila doa. Nikaweka karatasi kwenye bakuli la dawa chini ya taa nyekundu na nikangoja.

Dani alitokea kwanza. Kitambaa cheupe, halafu uso, kila mkunjo wake. Lenzi ile ina umri wangu, na ilimchora yule mama kwa heshima ambayo sijawahi kuiona kwenye kioo kipya. Halafu Rukia, na machozi yake yanaonekana. Halafu, polepole, kanzu. Nusu ya Bwana Hamisi ilikuwa imemezwa na giza, lakini nusu nyingine ilikuwapo, amepiga goti, uso umeinuka kwa mwanawe. Na vidole vya Dani, vile vile alivyovitandaza kule Rusinga, vilikuwa vimetua juu ya bega la mkwe wake.

Mshono haukuonekana. Hata mimi niliyeipiga sikuuona. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizopiga maishani, na nilitamani kuichana.

Sikuichana. Walipokuja mjini, Mama Rukia na mumewe, niliwakaribisha chai kwanza, kisha nikaitoa nikaiweka mezani nikasema, "Nisameheni. Lawama ni zangu."

Mama Rukia akaziba mdomo. Bwana Hamisi akavaa miwani. Akatazama sana. Alifuata mkono ule kwa kidole bila kuugusa, kutoka kwenye kiwiko mpaka begani kwake. Nikaona ameinua mkono wake mwenyewe akajishika bega pale pale, kama anayetafuta kitu kilichotua.

"Hii Dani ameiona?" akauliza.

"Bado. Nikitaka naweza kuiharibu, na filamu yake pia. Hatajua mtu."

"La." Akavua miwani, na macho yalikuwa yamelowa. "Miaka yote hii nilijua nitamkuta amekasirika. Tazama anavyonishika. Huyu amekasirika huyu?"

"Hakujua ni wewe," mkewe akamwambia, kwa upole.

"Najua hakujua. Ndiyo maana lazima nikamwambie." Akaifunga picha ndani ya leso yake, akaitia kifuani chini ya kanzu, akanigeukia. "Bi Zuhura, mtu akitoka hapa asubuhi, Rusinga anafika lini?"

Mama Rukia hakungoja jibu langu. Alikuwa ameshasimama mlangoni, anavaa viatu.